Dawa ya kupe ya 12.5%: niweke kiasi gani kwenye bomba la lita 20?

Mchunga wa Isingiro
Habari zenu wafugaji wenzangu. Wiki iliyopita nimefukia mtamba wangu chotara. Tezi chini ya sikio zilivimba kama limau, homa ikapanda, siku ya mwisho akahema kwa tabu huku povu likimtoka puani. Daktari akasema ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kinachoniuma ni kwamba nilimpulizia kila wiki bila kukosa, na bado masikioni mwake nilikuta kupe wa kahawia wazima kabisa!

Dawa ni amitrazi, chupa imeandikwa 12.5%. Dukani niliambiwa vifuniko vitatu kwa bomba la lita 20. Leo nimepima kifuniko kile kwa sindano: mililita 5 tu. Lebo inataka mchanganyiko wa 0.025%. Nimeshika kalamu tangu asubuhi, hesabu hainiingii.

Mama Ndama, Mbarara
Pole sana, ndugu yangu. Anza na maana ya 12.5% kwenye dawa hii: kila mililita 100 zina gramu 12.5 za amitrazi yenyewe, kwa hiyo mililita 1 ina gramu 0.125. Vifuniko vyako vitatu ni mililita 15, sawa na gramu 1.875, nawe umezitia kwenye mililita 20,000. Gawanya, zidisha kwa 100: inakuja 0.0094% hivi. Hata nusu ya inayotakiwa haifiki!

Sahihi ni 0.025 × 20,000 ÷ 12.5 = mililita 40. Ni mililita 2 kwa kila lita, ndiyo maana wengine wanasema moja kwa mia tano. Achana na vifuniko, pima kwa sindano ya mililita 20 mara mbili, na uvae glovu. Na bomba lenyewe ulipime. Langu liliandikwa 20, nilipolijaza kwa chupa ya lita moja likameza 18. Hilo linataka mililita 36.

Kijana wa Nakivale
Mzee, bomba moja unapulizia ng'ombe wangapi? Na ukibadilisha dawa, soma asilimia yake upya, hiyo 40 ni ya 12.5% peke yake.

Mchunga wa Isingiro
Wote tisa, bomba moja. Lita mbili na kidogo kila mmoja.

Kijana wa Nakivale
Hazitoshi, mzee wangu. Hapo unalowesha mgongo tu, na kupe wako ndani ya sikio, chini ya mkia na kwenye kinena. Mimi ng'ombe mkubwa hapati chini ya lita 4.

Mchunga wa Isingiro
Basi kesho bomba mbili, mililita 80. Lakini mama, miezi yote hiyo ya dawa hafifu, kupe hawajaizoea?

Mama Ndama, Mbarara
Huenda wameizoea. Puliza kwa kipimo hiki, kisha fungua masikio baada ya siku tatu. Ukiwakuta wazima, usiongeze hata mililita moja. Muite daktari wa mifugo akuchagulie dawa ya jamii nyingine.