Mrejesho: modeli ya Ebola na ile namba ya milioni 1.4

Wakuu, niliuliza kwa nini CDC ya Marekani (taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa), Septemba 2014, ilikadiria kwa modeli, yaani hesabu za kutabiri mwenendo wa ugonjwa, kuwa Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikisha wagonjwa milioni 1.4 kufikia Januari 2015, ilhali mlipuko wote wa Afrika Magharibi uliishia na wagonjwa 28,600 na ushee. Asanteni sana, nimepata mwanga.

Aliyeniambia nianze na masharti ya makadirio alinisaidia kuliko wote. Namba ile ilieleza hali ambayo hakuna kinachobadilika: maiti zinaendelea kuoshwa kwa mikono, wagonjwa wengi wanabaki majumbani. Tena ilikuwa imezidishwa ili kufidia wasioripotiwa. Lakini watu walibadilika, mazishi salama yakaongezeka, vituo vya kutenga wagonjwa vikafunguliwa. Kwangu mimi huko si kushindwa kwa modeli. Onyo lilitolewa, hatua zikachukuliwa.

Ushauri wa kutumia wagonjwa wapya wa kila wiki badala ya jumla limbikizi (wagonjwa wote tangu mlipuko uanze) nimeuingiza kwenye tasnifu. Jumla ya wiki hii imebeba makosa ya wiki zote zilizotangulia. Ukichukulia jumla ya kila wiki kuwa inajitegemea, modeli inajiamini kupita kiasi. Nilipobadilisha, kiwango cha mashaka kwenye utabiri kilitanuka sana, na msimamizi wangu ameyapokea matokeo hayo vizuri.

Sasa nashughulikia ucheleweshaji wa taarifa kutoka wilayani. Mwenye uzoefu nao naomba anielekeze.