Tupeane uzoefu: namba mbili gani wa kikapu alikuteka?

Wakuu wa Kigoma na Tabora, salama? Hapa uwanjani Mwanga kila jioni ni ubishi: namba mbili, yaani beki mfungaji (shooting guard), bora wa muda wote ni nani? Mtu asitaje pete za ubingwa tu, aeleze yeye mwenyewe kaguswa na nini.

Naanza. Kwangu ni Michael Jordan, na sababu ni ulinzi. Msimu wa 1987/88 aliongoza NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, kwa kufunga, wastani wa pointi 35 kwa mechi, akawa mchezaji bora na pia mlinzi bora wa msimu huohuo. Mimi nacheza nafasi hiyo. Ukishamkaba mtu mwenye kasi robo nzima, miguu ya kurukia mtupo inakuwa imekwisha. Vile vikombe sita vya Chicago Bulls navihesabu baada ya hilo.

Mdau wa Ujiji: Mkuu, mimi Kobe Bryant wa Los Angeles Lakers. Fainali za NBA huku kwetu zinaonekana saa tisa, saa kumi usiku. Mimi na kaka tulikuwa tunapunguza sauti ili mama asiamke. Mwaka 2010, mechi ya saba na Boston, mitupo ilimkataa kabisa, ikaingia 6 kati ya 24. Akahamia kwenye ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa goli, akazoa 15, Lakers wakabeba kombe. Tangu hapo mtupo ukinikataa sikai pembeni kuomba pasi, naingia chini ya goli kugombea.

Dada wa Isevya, Tabora: Mimi natumia mashoto. Shuleni mwalimu wa michezo alinilazimisha kurusha kwa kulia, nikawa naona aibu hata kuomba mpira. Nilipomwona Manu Ginóbili, Mwajentina wa mashoto, akipenya katikati ya walinzi, timu yake ya San Antonio Spurs ikicheza na timu yoyote kubwa, nikarudi kwenye mkono wangu. Timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 1999 alichaguliwa wa 57, akaja kubeba vikombe vinne, na dhahabu ya Olimpiki ya 2004 baada ya Argentina kuitoa Marekani nusu fainali. Simweki juu ya Jordan. Ila ndiye aliyenirudisha uwanjani.

Mzee wa Kanyenye: Wanangu, Jerry West mnamwacha wapi? 1969 Lakers walifungwa fainali, na bado yeye akapewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Hajatokea mwingine kutoka timu iliyofungwa.

Mwanzisha mada: Shikamoo mzee, West anaingia kwenye orodha yangu. Mdau wa Ujiji, hizo ribaundi 15 ndizo ninazozililia: namba mbili anayejua kufunga tu huwa hana kazi siku mpira unapokataa. Kobe namweka wa pili, bila kinyongo. Dada, endelea na kushoto, mabeki wengi hawajazoea kukaba upande huo.

Watu wa Dwyane Wade wa Miami mbona kimya? Fainali za 2006 Miami walikuwa nyuma kwa mechi 0–2 mbele ya Dallas, wakashinda nne mfululizo. Aliyekesha kuziangalia aje atueleze.