Naomba ushauri: "golf" niliingizeje kwenye faharasa?
Wakuu, naandaa faharasa ya mavazi kwa Waswahili wanaoishi Ulaya, na neno "golf" linanitoa jasho. Kwa Mwingereza ni mchezo. Mfaransa akisema "un golf" huenda anamaanisha uwanja wenyewe. Kwa Mwitaliano ni sweta pia, na wingi haubadiliki: "un golf, due golf". Kiboko ni Mpolandi: kwake ni sweta ya shingo ndefu ya kukunja, wingi "golfy", lakini kwa mchezo husema "grać w golfa" (kucheza gofu), neno likavikwa umbo la kisarufi la kiumbe hai!

Je, kidahizo (neno linaloorodheshwa na kufafanuliwa) kiwe kimoja chenye maana nyingi, au kila lugha na chake? Na jinsia ya neno kisarufi (kama ya kiume au ya kike) nimweleweshe vipi msomaji aliyezoea ngeli? Wenye uzoefu wa kamusi, nisaidieni.