Nimepata nyumba jirani kabisa na Uwanja wa Mkapa, siku za mechi panakalika?

Mpangaji Mtarajiwa:
Wakuu habari za jumapili. Naombeni ushauri kwa mnaokaa Temeke, hasa Chang'ombe na Miburani. Kazi yangu ipo Kurasini ila nakaa Mbezi Luis, yaani naamka saa kumi alfajiri na kurudi ni saa tatu usiku, mtoto ana miezi minne na nahisi ananijua kwa picha tu. Sasa dalali kanipatia vyumba viwili na sebule, choo ndani, ukisimama mlangoni paa la Uwanja wa Mkapa hili hapa. Kodi laki mbili na nusu, mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Mi nimepapenda ila waifu kagoma, anasema hawezi kulea mtoto kwenye vuvuzela. Dalali anasema hapa patulivu kabisa bosi, na kweli nilipoenda palikuwa kimya. Nilienda jumanne saa nne asubuhi. Wenyeji mnasemaje?

Mtoto wa Miburani:
Jumanne saa nne asubuhi ulitegemea usikie nini mkuu 😂 Mi nimezaliwa hapa, nimeukuta ule uwanja wa zamani ambao sasa ndo Uhuru, huu mkubwa umefunguliwa 2007. Unaingiza watu elfu 60 na hao watu hawashuki na ungo, wanapita mlangoni kwako. Kelele utazoea, goli likiingia mabati yanatetema kidogo basi imeisha, tena utakuwa unajua goli kabla hata ya wenye tv maana tv inachelewa. Shida ni njia. Siku ya derby ya Simba na Yanga kuanzia mchana polisi wanafunga barabara za pembeni, ukitoka na gari kurudi ni majaliwa, na kama umelala nalo ndani ndo ulale nalo hivyohivyo.

Mnyama Damu:
Kwanza weka wazi wewe timu gani, kwa Mkapa hatoki mtu.

Mpangaji Mtarajiwa:
Yanga mkuu, ila tusitoke nje ya mada.

Mnyama Damu:
Basi kodi ipande.

Mama Juisi:
Kaka mwambie wifi asiogope vuvuzela, aogope ukuta. Mi nipo mtaa wa pili kutoka uwanjani, ukutani nimeandika kwa rangi nyekundu USIKOJOE HAPA FAINI 50,000, wanakojoa huku wanaisoma. Dawa niliyoipata ni kuweka meza palepale ukutani siku ya mechi, nauza juisi ya ukwaju na maji, kijana wangu analaza pikipiki za watu uani kwa elfu moja moja. Penye meza hakojoi mtu, na hela ya umeme ya mwezi inapatikana. Ila zile mechi kubwa mtoto asitoke nje kabisa. Fainali ya Yanga na USM Alger 2023 watu walikanyagana wakigombania kuingia na mtu mmoja alifariki, siku ile nilifunga geti saa saba na biashara nikaacha.

Dereva Mstaafu:
Wenzangu wamesema ila hawajakwambia kwamba hizo mechi hazipo kila siku. Kuna kipindi uwanja ulifungwa kwa ukarabati timu zikahamia viwanja vya Chamazi na KMC kule Mwenge, mtaa ukapoa mpaka muuza mihogo akahama. Kinachosumbua kila siku ya Mungu ni malori ya bandarini kwenye barabara ya Mandela, hayo hayana ratiba. Halafu Sabasaba nayo ipo hapohapo Kilwa Road, kuanzia mwisho wa mwezi wa sita foleni ya maonyesho utaikuta, na 2027 kuna AFCON. Ila wewe kazi Kurasini, unashuka Uhasibu unatembea kwa miguu umefika, gari la nini? Ushauri wangu usilipe hata mia kabla hujaenda siku ya mechi, nenda na mkeo mkakae pale kibarazani mpaka watu waishe. Na miezi sita ombea mitatu.

Mpangaji Mtarajiwa:
Mrejesho wakuu. Jana tulienda, mechi ya usiku. Mwenye nyumba alitupa viti tukakaa kibarazani. Goli la kwanza mtoto akashtuka akalia, la pili akafumbua jicho moja akaendelea kulala, waifu akaniangalia hakusema kitu. Kilichomshinda ni wakati wa kuondoka, mtu kapaki Noah imeziba geti, kwenye kioo kaacha karatasi yenye namba ya simu, napiga haipatikani. Tumekaa mpaka saa tano kasoro. Tumekubaliana kuchukua kwa miezi mitatu na gari tutaliacha kwa kaka yangu.

Ila kuna kitu kimenichekesha. Wakati tunamsubiri mwenye Noah nikauliza nani anayeelekeza magari yapaki wapi hapa, nikaonyeshwa jamaa kavaa kizibao cha njano ana filimbi mdomoni na noti zimejaa mkononi, anapiga kelele kuliko hata jukwaa. Dalali wangu.