Cartagena, Cusco au Quito: tuchague upi kwa kutembea mji mkongwe na kununua vitu?

BintiPangani

Wanajamvi, salamu. Mwezi wa sita mama anakuja kunitembelea hapa Houston, na nimemwahidi safari ya wiki moja Amerika ya Kusini. Yeye anataka mji wa kale wenye makanisa, vichochoro na masoko. Ni fundi cherehani mstaafu, kwa hiyo akiona kitambaa lazima akishike na kukigeuza upande wa nyuma. Mimi nataka kutembea kwa miguu, na nikijaliwa ninunue kipande kidogo cha zumaridi.

Bajeti ni ya mji mmoja tu. Nimebaki na mitatu: Cartagena ya Kolombia, Cusco ya Peru na Quito ya Ekwado. Mjue mawili: mama ana presha (anameza dawa, imetulia), na sisi si watu wa baa. La visa nalishughulikia mwenyewe, msihangaike nalo.

Kisauni_Kwetu

Cartagena, sina haja ya kuzunguka. Nyinyi ni watu wa pwani, nendeni pwani.

Mji wote wa kale uko ndani ya ukuta na unauzunguka kwa miguu bila kupanda kilima hata kimoja. Mwaka 1586 Francis Drake aliuteka, akakataa kuondoka mpaka alipwe. Mwaka huohuo mfalme wa Uhispania, Felipe wa Pili, akamleta mhandisi Mwitaliano, Bautista Antonelli, kuupangia ngome. Ni mfalme huyohuyo, akiwa ameshika na taji la Ureno, aliyekuwa kitini mwaka 1593 Fort Jesus ilipoanza kujengwa hapa kwetu Mombasa, nayo kwa ramani ya Mwitaliano mwingine, Cairati. Mimi niliyekulia kivulini mwa Fort Jesus nilipopanda juu ya kuta zile sikuhitaji mtembeza wageni kunieleza kona ile inalinda nini.

Anzeni kwenye mnara wa saa, Torre del Reloj. Ukipita lango tu uko Plaza de los Coches, uwanja uliokuwa soko la watumwa. Pembeni yake, chini ya matao, ndipo ilipo Portal de los Dulces: akina mama na machupa yao ya kioo, wanauza kashata za nazi za kila rangi na vidonge vya ukwaju. Mama atapapenda. Kutoka hapo ni hatua chache hadi kanisa la San Pedro Claver, padre Mjesuti aliyeishi akiwahudumia Waafrika waliokuwa wakishushwa kwenye meli, akafa 1654, akatangazwa mtakatifu 1888. Mifupa yake iko chini ya altare.

Ngome ya San Felipe nendeni asubuhi milango ikifunguliwa. Saa sita mchana pale juu mawe yanachoma. Hapo ndipo Blas de Lezo, mwenye mguu mmoja, jicho moja na mkono mmoja unaofanya kazi, alipowazuia Waingereza wa Admeri Vernon mwaka 1741.

Mzee_wa_Baraza

Mkuu Kisauni umesifu, lakini mbona mapapasi hujawataja? Ndani ya kuta zile hutembei hatua kumi hujauziwa kofia, miwani, cheni, safari ya boti. Wale akina mama wa Palenque wenye magauni ya rangi na beseni la matunda kichwani, ukiinua simu tu umeshaingia deni. Patana kwanza ndipo upige picha. Siwalaumu, ni kazi yao, ila mgeni ajue.

Kisauni_Kwetu

Kweli mzee, na dawa yake ni kulala mtaa wa Getsemaní badala ya ndani kabisa. Nyumba zimechakaa kidogo, bei ina nafuu, na jioni watu wa mtaa wanatoa viti nje pale Plaza de la Trinidad.

Na hao akina mama wa Palenque, BintiPangani, ukipata siku moja nenda kwao. San Basilio de Palenque ni kijiji kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka wakiongozwa na Benkos Biohó, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini. Wana lugha yao wenyewe, Kihispania kilichochanganyika na Kikongo, na UNESCO iliutangaza utamaduni wao kuwa urithi mwaka 2005. Kwangu ile ilikuwa na uzito kuliko ngome zote.

Horombo_Hadi_Kibo

Nitasema la Cusco kwa sababu naona hakuna wa kulisemea. Kama ni mji wa kale, hakuna unaoufikia, maana pale kuna miji miwili, mmoja umekalia mwingine. Wahispania walijenga kanisa na nyumba ya watawa ya Santo Domingo juu ya Qorikancha, hekalu la jua la Wainka. Tetemeko la 1950 lilipokuja, majengo ya watawa yakabomoka vibaya, kuta za Wainka chini yake zikabaki zimesimama. Unaingia ndani unaziona, jiwe limekaa juu ya jiwe bila chokaa na wembe haupiti. Kwenye kanisa kuu mtafute mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Marcos Zapata: katikati ya meza Yesu na mitume wameandaliwa simbilisi, kitoweo cha milimani kule.

Ila kwa mama mwenye presha lazima niwe mkweli. Cusco iko mita 3,400. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanajua maana yake: umepita kambi ya Mandara, unaikaribia ya Horombo, tofauti ni kwamba kule ulipanda kwa miguu ukazoea na huku ndege inakutupa ghafla. Wenye akili wakishuka uwanjani hawalali mjini, wanateremka moja kwa moja hadi bonde la Urubamba, chini ya mita 2,900, wanarudi Cusco mwishoni. Na daktari wake aulizwe kabla ya tiketi, si baada.

Pia mwezi wa sita ndio wa Inti Raymi, tarehe 24. Sherehe nzuri, ila vyumba vinajaa na usiku baridi inakaribia sifuri.

BintiPangani

Ahsanteni sana. Nimemsomea mama ya joto la Cartagena, kanijibu, "Joto si ugonjwa, nimezaliwa Tanga." Ya baridi kanyamaza. Sasa nani anajua ununuzi? Hasa vitambaa, maana huko ndiko atakakonishinda.

Nyuzi_na_Rangi

Hapo umenigusa. Naandika kwa urefu, mnivumilie.

Kwa kitambaa Cartagena iondoe. Vya maana vinavyouzwa pale vinatoka kwingine: mikoba ya mochila ni ya Wawayuu, wenyeji wa asili wa La Guajira, imefumwa kwa uzi wa pamba, na yenye kazi nzuri imeshonana kiasi kwamba ukiishika dhidi ya jua huoni mwanga. Kofia ya vueltiao ni ya Wazenú, nao wenyeji wa asili. Mama ataielewa papo hapo kwa sababu ni ukili mtupu: wanasuka utepe mwembamba wa majani ya caña flecha, meupe na meusi, halafu wanaushona kwa kuuzungusha kuanzia utosini. Wanaihesabu kwa jozi za nyuzi zilizosukwa kwenye utepe. Ya 15 ni ngumu, ya kila siku, ya 21 na kuendelea inakunjika kama kitambaa. Mnaweza kuvipata Las Bóvedas, yale maghala 23 ya jeshi ya mwisho wa karne ya 18 ambayo sasa ni maduka. Pazuri kwa picha. Kwa bei, ulizeni kwingine kwanza.

Cusco ndiyo mama wa vitambaa, hilo halina ubishi, ila ina udanganyifu mwingi pia. Lebo karibu zote zinasema "baby alpaca". Kwanza hiyo haina maana ya manyoya ya mtoto wa alpaka, ni daraja la wembamba wa unyoya. Pili, nyingi za mitaani ni akriliki tupu. Mama ni fundi, anajua: chomoa uzi mmoja, uchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kubaki majivu, akriliki inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Muuzaji akikukataza kuchoma, umeshapata jibu. Kama mtaenda, nendeni Avenida El Sol, kando ya Qorikancha, kwenye kituo cha nguo za asili kilichoanzishwa 1996 na mfumaji wa Chinchero, Nilda Callañaupa. Wanawake wanafuma mbele yako, mtande umefungwa kiunoni, na kitambaa kina jina la aliyekifuma. Ni ghali. Ni halali kuwa ghali.

Sasa Quito, ambao naona mnaupita kama kituo cha mafuta. Quito wenyewe una maduka ya kawaida, lakini saa mbili kaskazini kuna Otavalo, na soko la Jumamosi pale Plaza de los Ponchos linafurika mpaka mitaa ya jirani. Mashali, blanketi, mishipi, mapambo ya ukutani. Mengi siku hizi ni ya mashine, usidanganyike, ila vijiji vya jirani kama Peguche bado kuna nyumba zenye vitanda vya kufumia, unaingia unamkuta baba anarusha mshindio. Ukitaka ngozi, Cotacachi iko karibu. Na ile kofia nyeupe ambayo dunia nzima inaiita ya Panama inatoka Ekwado. Zilizo bora ni za Montecristi.

Kura yangu ni Quito.

Mzee_wa_Baraza

Quito nao ni juu, dada. Mita 2,850.

Nyuzi_na_Rangi

Najua, mzee. Lakini si 3,400, na kuna njia. Uwanja wa ndege uko nje ya mji, mita 2,400. Walale huko usiku wa kwanza. Otavalo nayo iko chini ya Quito, yapata mita 2,500.

Mawe_ya_Arusha

Zumaridi. Mimi nauza tanzanaiti, zumaridi nimezishika za Kolombia na za Zambia. Sikiliza.

Karibu kila zumaridi ya Kolombia imetiwa mafuta ili nyufa zisionekane. Huo si wizi, ndio utaratibu wa biashara, wizi ni kutokuambiwa kiasi. Mafuta kidogo, bei juu. Mafuta mengi, bei chini. Ndani ya jiwe lazima kuwe na takataka zake ndogondogo, wenyewe wanaziita bustani. Ukiona jiwe la kijani lililokolea, safi kama maji, muuzaji anakuambia dola hamsini, umeshika kioo. Cartagena wauzaji wa mitaani watakufuata na karatasi iliyokunjwa ndani ina mawe. Usifungue hata karatasi. Ingia duka lenye anwani, omba cheti cha maabara inayojitegemea, ipo ya zumaridi Bogotá, na risiti iandike jiwe ni la asili na limetiwa nini. Ukishalinunua usilioshe kwa maji ya moto wala mashine ya mtetemo, mafuta yatatoka na nyufa zitajitokeza.

Na usinunue ukidhani utaliuza Houston kwa faida. Sisi tulio ndani ya biashara tunaumia, sembuse mtalii.

Koplo_Mstaafu

Na Salvador ya Brazil je? Ina mtaa wa kale wa Pelourinho, ilikuwa mji mkuu wa Brazil hadi 1763, weusi wenzetu watupu.

Kisauni_Kwetu

Salvador ni mzuri, koplo, ila lile kanisa la dhahabu la São Francisco dari lilianguka Februari 2025 likafungwa, na dada kasema amebaki na mitatu.

BintiPangani

Nyuzi_na_Rangi, umeniharibia mpango. Nilikuwa nimeshaelekea Cartagena. Nimemsomea mama maelezo yako, kafika kwa baba wa Peguche anarusha mshindio, kanikatiza: "Huko." Amekubali kwenda kliniki kwanza, na daktari akikataa ni Cartagena bila mjadala.

Tukijaaliwa Quito, mji wenyewe tuuone vipi? Na ile sehemu ya ikweta inafaa?

Nyuzi_na_Rangi

Ikweta mnayo Nanyuki ya Kenya na Kayabwe ya Uganda, okoeni siku.

Mji wa kale utawatosha. Uliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978, miongoni mwa ya kwanza kabisa. Kanisa la La Compañía msilikose: lilianza kujengwa 1605 likamalizika 1765, nje ni jiwe la volkano la kijivu, ndani kuta na dari zimefunikwa dhahabu ya karatasi mpaka macho yanachoka. San Francisco iko karibu, uwanja wake mpana, mama atapata pa kukaa. La Ronda ni kichochoro cha mafundi: wa kofia, wa vinyago vya mbao, wa chokoleti. Minara ya kanisa la Basílica wewe panda, mama abaki chini, kule juu ni ngazi za chuma. Kilima cha Panecillo nendeni kwa teksi, msipande kwa miguu. Kwenye mabasi mkoba uwe mbele.

Fikeni katikati ya wiki, ili Jumamosi ya Otavalo iwakute mmeshazoea hewa. Ijumaa laleni hukohuko Otavalo, muwahi soko kabla mabasi ya watalii kutoka Quito hayajafika. Kuomba bei ipungue ni kawaida, ila kwa upole. Waotavalo ni wafanyabiashara wa vizazi, hawapendi kelele. Nunueni vitu viwili vitatu kwa mtu mmoja ndipo muombe.

Mawe_ya_Arusha

Ukienda Quito zumaridi achana nayo. Watakuonyesha za Kolombia zilizovuka mpaka, bei imeshapandishwa na cheti hakuna. Hela hiyo mpe mama aimalizie kwenye nguo.

Horombo_Hadi_Kibo

Chai ya majani ya koka mtaiona huko milimani, Peru ni halali na wageni wanaipenda kwa ajili ya kimo. Msiweke hata kifuko kimoja kwenye begi la kurudi, forodha ya Marekani haitaki kujua kama ni chai. Na mama abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, anaweza kudaiwa akirudi Tanzania.

Mzee_wa_Baraza

La mwisho kutoka kwangu: Ekwado wanatumia dola ya Marekani tangu 2000, kwa hiyo hamna habari ya kubadilisha fedha. Lakini sokoni noti ya mia hakuna atakayeipokea, na hata ya hamsini watakutazama. Toka Houston na za moja, za tano na za kumi, nyingi, zisizochanika.