Mdogo wangu ana skizofrenia, ajifunzie wapi ufundi?

Wakuu, habari za leo. Mdogo wangu wa kiume, miaka 26, ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili. Sasa ametulia, anachomwa sindano yake kila mwezi bila kusukumwa. Tatizo ni kushinda ndani. Chuo kimoja cha ufundi waliposikia ugonjwa tu wakasema nafasi zimejaa, na tangazo bado limebandikwa getini!

Anapenda useremala. Juzi kapiga randa mbao ya kabati mpaka ikateleza, ingawa dawa zinamtetemesha mikono na asubuhi anakuwa mzito.

Kile kijiji cha hospitali ya Muhimbili kule Vikuruti, cha kuwafunza kazi wagonjwa wa akili, wanapokea hata asiyelazwa? Au nimtafutie fundi wa mtaani, awe anaanza saa nne? Na fundi nimwambie ukweli wote? Msumeno wa umeme ndio unaonitia hofu.