Mjadala: Je, mhakiki huikuta maana mwambani, au huja nayo?

Mtoa hoja, Dodoma mjini:
Katika michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, upo mchoro mwekundu wa watu watano wembamba, na wa katikati ameshikwa huku na huku. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyeinakili michoro hiyo mwaka 1951, aliona humo mwanamke anayetekwa. Mwaka 1986 David Lewis-Williams, mtafiti wa michoro ya miambani, aliusoma mchoro uleule kwa kuulinganisha na simbo, ngoma ya Wasandawe ambayo mchezaji wake hufikia hali ya kujisahau. Kwake, wa katikati hatekwi, bali anategemezwa na wenzake. Nashikilia kwamba kila mmoja alifika na maana yake tayari. Kwa nini wasiulizwe wenyeji?

Mchangiaji, Kondoa:
Ndugu mtoa hoja, wenyeji wepi? Wanaotambika leo kwenye pango la Mungumi wa Kolo ni majirani wa mwamba, wengi wao Warangi, ambao ni wakulima, ilhali michoro myekundu huhusishwa na wawindaji, wahenga wa Wasandawe na Wahadzabe. Mzee anayenyunyiza pombe pale anatuonyesha kwamba mahali hapo ni pa heshima (na pombe hiyo, kwa bahati mbaya, huichafua rangi), lakini mzee huyo hatuelezi mchoraji alikusudia nini.

Itazame mikono yenyewe. Mkono unaovuta na mkono unaomzuia mtu asianguke huchorwa kwa mstari uleule, kwa hiyo mwamba peke yake hauamui, na mhakiki hulazimika kutafuta ushahidi nje yake. Hapo ndipo wasomaji hawa wawili wanapotofautiana: kisa cha utekaji kinaeleza mchoro mmoja na kuishia hapo, lakini simbo inaweza kupimwa kwenye mapango mengine, kwa kuangalia kama wapo watu walioinama, waliolala au walioshikwa vivyo hivyo. Usomaji unaosaidia kuuelewa mchoro wa pili nauweka mbele ya ule usiosaidia.

Mtoa hoja:
Hoja ya mikono naikubali. Hata hivyo, simbo imeandikwa na watafiti katika karne ya 20, na michoro ni ya kale mno. Anayeisoma kwa simbo atutajie basi ni mchoro gani, ukipatikana, ungemfanya auache usomaji wake.